Sumu ya Asili Nayo ni Sumu

Ukipita Mbugangari au Majengo, hapa Gisenyi, utaona magunia ya udongo yamesimama kando ya milango, yametobolewa ubavuni, na sukuma wiki zimechomoza kila tundu. Kwingine ni ndoo kuukuu za rangi zenye seleri, makopo ya maziwa yenye mnanaa wa chai, beseni lililopasuka lenye dodo, ambayo ndugu zetu wa Goma huiita lengalenga. Mahali pa kulima hapapo. Nyumba za Gisenyi zimebanana na chini ni mawe ya volkano, kwa hiyo bustani imehamia barazani. Serikali nayo imehimiza kwa miaka mingi kila kaya iwe na akarima k'igikoni, bustani ya jikoni, na sababu inajulikana: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2019–2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Rwanda wamedumaa. Hilo sibishani nalo hata kidogo. Ninachobishana nacho ni kile tunachofanya siku vidukari wanapofika.

Siku hiyo shauri huwa moja, na hutolewa kwa sauti ya mtu anayekutakia mema. Usinunue dawa ya dukani, ile ni sumu. Loweka tumbaku usiku kucha. Twanga majani ya utupa. Tia pilipili, kitunguu saumu na Omo kidogo, chuja, pulizia. Hiyo ni ya asili, haina madhara, hata mtoto anaweza kuipulizia. Utalisikia kwa jirani, utalisikia kwenye mafunzo ya vikundi, na utatumiwa kwa WhatsApp na mtu aliyetumiwa na mwingine. Limeshakuwa imani, na mwenye kulihoji huonekana ametumwa na wenye maduka.

Mimi sina duka, na ninalipinga. Mmea unaochumwa majani kila baada ya siku mbili tatu na kuingia chunguni haufai kupuliziwa sumu yoyote, iwe imetoka kiwandani, iwe imetoka kichakani. Anayesema ya kichakani ni salama kwa sababu tu ni ya kichakani anatudanganya, ingawa yawezekana amejidanganya mwenyewe kwanza.

Tuanze na tumbaku, maana ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Kinachomuua kidukari ndani ya tumbaku ni nikotini, nayo humuua kwa kuvuruga neva zake. Neva za binadamu zina vipokezi vya aina hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani lina orodha inayopanga viuatilifu kwa ukali wa sumu yake ya papo kwa papo. Humo nikotini imewekwa kundi la Ib, la hatari kubwa. Saipamethrini, ile ya dukani ambayo jirani amekukataza kuinunua, imewekwa kundi la II, la hatari ya kati. Yaani katika orodha hiyo jani la asili limemtangulia mgeni wa kiwandani kwa ukali.

Najua jibu linalokuja: orodha inapima nikotini yenyewe, na maji ya tumbaku yana nikotini kidogo tu. Kweli kabisa. Ila nani amepima hicho kidogo? Kiwango cha nikotini kwenye jani hutofautiana sana kwa aina ya tumbaku, kwa udongo, kwa ukaushaji, hata kwa sehemu ya mmea lilipochumwa jani. Mapishi tunayopeana yanasema "konzi moja". Konzi ya nani? Kwa maji kiasi gani? Yakilowekwa saa ngapi? Chupa ya dukani, pamoja na ubaya wake wote, ina karatasi inayotaja kiasi cha sumu iliyomo, kipimo cha kuchanganya, na siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Rwanda ina sheria ya kemikali za kilimo tangu 2012, na dawa isiyosajiliwa ni kosa kuiuza. Ndoo ya tumbaku nyuma ya jiko haina karatasi, haina kipimo na haina siku za kusubiri. Tumeikimbia sumu inayojulikana tukaikumbatia isiyojulikana, kisha tukaita hilo usalama.

Wachumaji wa tumbaku mbichi duniani kote wana ugonjwa wao. Jani lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi. Kufika jioni mtu anatapika, kichwa kinazunguka, moyo unakwenda mbio, na hajavuta hata sigara moja. Sasa mfikirie mtoto unayemkabidhi chupa ya kupulizia kwa kuwa umeambiwa haina neno. Maji yanamtiririkia mkononi, yanarudishwa usoni na upepo wa ziwani, kisha anakwenda kula bila kunawa.

Watu wengine walishapita njia hii. Ulaya walimwagia bustani maji ya tumbaku tangu karne ya 17, na katika karne ya 20 nikotini iliuzwa madukani kwa kazi hiyohiyo. Nchini Marekani kibali cha mwisho cha kiuatilifu chenye nikotini kilifutwa kuanzia mwaka 2014. Haikuachwa kwa kukosa uasili.

Na kuosha je? Wengi hujifariji kwamba mboga huoshwa na kupikwa, basi yameisha. Mwaka 2015 watafiti wa Braunschweig, Ujerumani, walichapisha matokeo ya jaribio la mnanaa: waliweka tumbaku ya sigara juu ya udongo wa mimea hiyo, na baada ya siku chache wakakuta nikotini ndani ya majani, imenyonywa na mizizi na kupandishwa juu. Kilichoingia ndani ya jani hakitolewi na maji ya bomba. Mnanaa ndio ule unaoukata mlangoni na kuutupa kwenye birika. Nyongeza kwa wapenda nyanya na pilipili: majani ya tumbaku, hata yaliyokaushwa, yanaweza kubeba virusi vya batobato, na mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja na tumbaku. Unafukuza wadudu kwa mkono mmoja, unapanda ugonjwa kwa mwingine.

Utupa una sifa nyingine. Jamii za Afrika Mashariki zimeutumia tangu zamani kulewesha samaki: majani hutwangwa, humwagwa kwenye dimbwi, samaki huelea. Na hapo ndipo watetezi wake wanapoegemea. Wanasema samaki wale waliliwa na walaji hawakufa, basi mboga zitatuua vipi? Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya tumbaku, nami sitaipuuza. Dutu kuu za utupa, rotenoni na jamaa zake, hazipenyi vizuri kwenye utumbo wa binadamu, na joto na mwanga huzivunja. Mlo mmoja wa samaki wa dimbwi si msiba.

Lakini bustani ya jikoni si mlo mmoja. Ni kupulizia wiki hii na wiki ijayo, mwaka hadi mwaka, na anayepulizia ndiye anayevuta hewa ile. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti kuhusu watu wa mashamba wa Iowa na North Carolina, Marekani: waliowahi kutumia rotenoni walikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, mara 2.5 ya wenzao ambao hawakuitumia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba rotenoni pekee ndiyo iliyowaangusha. Hata hivyo, maabara walikwisha kuona miaka ya nyuma kwamba panya wanaopewa rotenoni hupata dalili zinazofanana na ugonjwa huo. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliamua kutoiweka kwenye orodha yake ya viuatilifu vinavyoruhusiwa, ingawa hadi wakati huo wakulima wa kilimo hai waliitegemea, na waliitegemea kwa hoja ileile ninayoisikia Gisenyi: inatoka kwenye mti.

Halafu kuna kichekesho. Utafiti uliofanywa Malawi ulionyesha kwamba mimea ya utupa si ya aina moja. Ipo yenye sumu ya kuua wadudu na ipo isiyo nayo, na kwa macho huwezi kuitofautisha kirahisi. Kwa hiyo mtu anaweza kutwanga, kuchuja na kupulizia majani yasiyo na kazi, akaona vidukari wanaendelea kunenepa, akaongeza kipimo, kisha akaazima majani ya jirani ambayo yana sumu kamili na kuyatia kwa kipimo kilekile alichokizidisha. Huo ndio usalama tunaofundishana. Kuhusu samaki sitapiga chumvi: ndoo moja ya Mbugangari haitaua sambaza wa Kivu. Lakini anayesuuza karai la utupa kwenye mfereji unaoshuka Sebeya, au karibu na bwawa la mtu anayefuga samaki, ajue anamwaga kitu ambacho kazi yake ya kwanza katika historia ilikuwa kuua samaki.

Nikifika kwenye pareto lazima nipunguze ukali, na si kwa sababu ni yetu. Ni yetu kweli. Nyanda za juu za wilaya hii ya Rubavu na za Nyabihu, Musanze na Burera ndizo zinazolima maua yale meupe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya mbuga ya volkano ilikatwa ili kuyapanda. Hukaushwa, hupelekwa kiwandani Musanze, na dondoo yake nyingi huuzwa nje. Piretrini iliyomo humwangusha mdudu upesi, huvunjwa na mwanga wa jua kwa muda mfupi, na mwili wa binadamu huimudu kuliko nyingi nyinginezo. Kama ningelazimishwa kuchagua dawa moja ya kupulizia, ningeichagua hii, iliyotengenezwa na kupimwa na wenye ujuzi, jioni nyuki wakishalala.

Hata hivyo "haina madhara" ni uongo kwake pia. Ni sumu kali kwa samaki na kwa nyuki. Vumbi la maua yake huwasha ngozi ya baadhi ya watu na kuwaamshia pumu wenye pumu. Na kwa bustani ya baraza ina kasoro kubwa kuliko hizo: haichagui. Inamuua kidukari pamoja na kile kidudu chekundu chenye madoa meusi mgongoni ambacho kilikuwa kinamla kidukari. Kidukari jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na watoto hao baada ya wiki moja hivi nao huzaa. Mwindaji wake huhitaji wiki kadhaa tangu yai hadi ukubwa. Ukiwaua wote leo, nadhani unaona nani atarudi wa kwanza. Ndiyo maana watu wa dawa, ya asili na isiyo ya asili, hawamalizi kupulizia. Kila mara inaonekana imefanya kazi, na kila mara wadudu wanarudi, na mtu anahitimisha kwamba alipulizia kidogo mno.

Wenye kuapa kwa mwarobaini nao wasijifiche. Huku juu ya mita 1,400 mti wenyewe haustawi, mafuta yake tunaletewa. Kwa wadudu ni mpole kiasi, nakubali. Lakini Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari waliandika habari za watoto wachanga waliolishwa mafuta hayo kama tiba ya nyumbani: walitapika, wakasinzia, wakapata degedege. Chupa inayokaa rafu moja na mafuta ya kupikia inataka woga wake.

Sasa wa upande wa pili wasishangilie. Sijasema nendeni dukani. Kuna tabia nyingine hapa kwetu, tena mbaya zaidi: ndugu anayelima viazi Busasamana au Mudende anashuka mjini na mabaki ya dawa kwenye chupa ya soda, nasi tunampulizia nayo kidukari wa sukuma wiki. Mara nyingi dawa ile ni mankozebu, ya kuzuia ukungu wa viazi. Haiui wadudu. Kidukari anaoga nayo na kuendelea kunyonya, na wewe unakula majani yenye dawa ambayo Umoja wa Ulaya ulikataa kuipa kibali upya mwaka 2020. Na hata ukipata dawa sahihi ya wadudu, karatasi yake itakuambia usubiri siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla ya kuchuma. Sukuma wiki ya gunia huchumwa Jumatatu na Alhamisi. Hakuna mama wa Gisenyi atakayetazama mboga mlangoni kwa wiki mbili huku ananunua nyingine sokoni. Siku za kusubiri hazisubiriwi, na kila mtu anajua.

Nafikiri kosa letu, la wapenda duka na la wapenda kichaka, linatoka mahali pamoja. Tumechukua desturi ya shamba la biashara tukaileta barazani bila kuuliza. Mkulima wa kabichi anayepeleka mzigo kwenye mpaka wa Goma ana mteja mwenye macho makali. Jani lenye tundu linamshushia bei, na ekari iliyoliwa na viwavi ni karo ya watoto iliyopotea. Ana sababu ya kununua dawa, hata kama anaitumia vibaya. Gunia la mlangoni halina mteja. Jani lenye tundu likikatwakatwa na kutiwa kwenye karanga nani ataliona tundu lile? Dodo iliyotafunwa robo ni dodo, na madini yake ya chuma yamo kwenye robo tatu zilizobaki. Hasara ya gunia zima ni mboga ya siku mbili. Kwa hasara hiyo hakuna akili ya kuingiza sumu ya neva kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Na bustani ndogo ina kitu ambacho mwenye ekari hana: mkono unaweza kufika kwenye kila jani. Vidukari hukaa chini ya jani na kwenye kichomozi kichanga. Geuza jani, wakande kwa vidole. Inachukiza, nakubali, kwa dakika mbili za mwanzo. Jani lililojaa kabisa likate, litie kwenye mfuko, funga, tupa. Waliobaki wapige maji kutoka chini kwenda juu, asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku; vidukari wakishaanguka chini kwa nguvu ya maji, wengi wao hawapandi tena. Wale wa kijivu wa sukuma wiki na kabichi wana unga wa nta mwilini, maji matupu yanateleza juu yao. Hapo ndipo sabuni inapoingia. Kwaruza sabuni ya mche, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, jaribu kwanza jani moja na ungoje hadi kesho, kisha nyunyiza jioni hadi iwaguse wadudu wenyewe. Sabuni huua kwa kugusa ikiwa bado mbichi. Ikikauka haina kazi tena, na hilo ni jema, maana suuza tu kabla ya kupika na hakuna siku za kuhesabu. Omo iacheni kwenye nguo. Ina viungo vya kung'arisha na manukato, inaunguza majani, na hakuna aliyeitengeneza iliwe.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye pilipili yako, shughulika nao kwanza. Wao ndio walinzi: hunywa majimaji matamu yanayotoka kwa vidukari na kuwafukuza wanaotaka kuwala. Inua ndoo, iweke juu ya matofali ndani ya sahani ya maji, daraja limekatika. Na punguza yurea na samadi mbichi ya kuku. Jani lililolewa naitrojeni ni laini na lina utomvu mtamu, ndilo wanalolipenda. Kwa vipepeo weupe wanaotaga mayai, neti hutosha. Isiwe chandarua kuukuu cha malaria, maana kile kimetiwa dawa ya jamii ya pareto ya maabara, na hakikugawiwa kwa ajili ya mboga. Vidukari watapita kwenye matundu yake hata hivyo.

Haya yote yakishindwa, ng'oa mmea. Mbegu za dodo hugharimu faranga chache na baada ya wiki nne hivi unachuma tena.

Imebaki hoja ya bibi zetu, ambayo huletwa mwisho kwa sababu hakuna anayethubutu kubishana na bibi. Bibi zetu waliitumia tumbaku, nasi tupo. Waliitumia kweli, wengi wao kwa kupe wa mbuzi na ng'ombe, na majivu kwa maharage ya ghalani. Sukuma wiki ya gunia kando ya mlango wa jiko, katika kiwanja cha hatua kumi chenye wapangaji wanne na chupa ya kupulizia ya plastiki, hawakuwahi kuiona. Tena aliyedhurika zamani zile hakuandikwa mahali popote; kizunguzungu chake kiliitwa malaria, au jicho la watu. Kuwaheshimu wazee ni kuchukua walichokijua na kukiongezea tulichojifunza baada yao.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa maafisa kilimo wa sekta, kwa washauri wa afya wa vijijini, na kwa viongozi wa vikundi vya akina mama hapa Rubavu: ondoeni tumbaku na utupa kwenye somo la bustani ya jikoni, na semeni kwa nini. Utupa una kazi yake njema kwenye kingo za shamba, unarutubisha udongo, ubaki huko. Na wewe uliye na chupa ya maji ya tumbaku nyuma ya jiko, chimba shimo mbali na mboga na mbali na mfereji, uimwage leo, chupa uitoboe isije ikatumika tena, kisha nawa mikono kwa sabuni.